Jiko la Mkaa Lilale Nje

Wanangu, mwezi wa sita umeshaingia, na anayeishi huku juu hahitaji kalenda kuambiwa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wenzetu wa Makete wengi wako juu zaidi, na kwenye uwanda wa Kitulo, unaovuka mita 2,600, kuna asubuhi za Juni na Julai ambazo sakitu hutanda mashambani na majani ya viazi yakaungua kwa baridi. Kwa hiyo siji kwenu kuwakataza kuota moto. Naujua usiku wa huku, ule wa blanketi mbili na soksi, na bado unajikunja hadi magoti yanagusa kidevu. Ninachowaomba ni kimoja tu: mkishaota, jiko la mkaa litoke ndani. Lilale nje.

Nimekuwa muuguzi huku nyanda za juu mpaka nikastaafu, na wagonjwa ninaowasemea hapa waliletwa asubuhi, saa mbili au saa tatu, baada ya majirani kugonga mlango mpaka wakauvunja. Habari ilikuwa ileile kila kipupwe. Chumba kimoja, dirisha limefungwa, gunia au kanga kuukuu imesokomezwa chini ya mlango ili upepo usipenye. Katikati ya sakafu pana jiko lenye jivu jeupe, na mara nyingi sufuria ya maharage iliyokaukia. Waliolala kitandani unawakuta wamelala vizuri, hata shuka halijavurugika. Mmoja, aliyekuwa karibu na mlango, amejikokota hatua mbili akaishia sakafuni, mkono umeelekea kwenye kitasa. Huyo aliamka. Alijua kuna jambo. Miguu ndiyo iliyomkatalia.

Kisha maneno yanaanza. Mlango ulifungwa kwa ndani, hakuna jeraha, hakuna kilichoibwa, na watu wa nyumba nzima wamekwisha. Basi wapo watakaoanza kumtazama bibi fulani wa jirani. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nchi hii imeshaua vikongwe wengi kwa fikra za namna hiyo. Kule Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walikopikia watoto wao maisha yao yote. Msiwatafutie wazee wenu hatia kwa kazi iliyofanywa na mkaa. Kilichoua kinajulikana, na kinaelezeka hata kwa mtoto wa darasa la saba.

Ni kaboni monoksaidi. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, haiwashi macho, haimfanyi mtu akohoe. Hutokea popote kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha, na mkaa ni hodari wa kuitoa. Ukitaka kuona inavyozaliwa, chuchumaa mbele ya jiko lako jioni uliangalie. Hewa inaingia kwa kile kimlango cha chini, inakutana na makaa ya kwanza na kuyaunguza. Hewa hiyo iliyokwisha kutumika inapanda kupita katikati ya makaa mengine mekundu, nayo yanainyang'anya sehemu ya oksijeni iliyobaki ndani yake. Kinachotokea juu ndicho kaboni monoksaidi. Vile vimoto vya buluu mnavyoviona vikicheza juu ya mkaa uliokolea, mkasema leo jiko limeshika vizuri, ndiyo gesi yenyewe inaungua mbele ya macho yenu. Vikizimika, msidhani imekwisha. Imeacha kuungua tu, na sasa inatoka yote kuingia chumbani. Jivu likishafunika makaa, hewa inayoyafikia inapungua, na mkaa unaendelea kufukuta taratibu kwa saa nyingi. Ndizo saa ambazo ninyi mmelala.

Ukiivuta, inaingia kwenye damu. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna himoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha mwilini. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakaa humo kama abiria aliyewahi kiti akakataa kushuka kituo hadi kituo. Unapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati kitu. Huanza kichwa kuuma, kikafuata kizunguzungu, kichefuchefu, magoti kulegea, mawazo kuvurugika, halafu usingizi mzito. Aliyekwisha kulala hazioni hata dalili hizo.

Sasa nijibu yale mnayonijibu kila ninapolisema jambo hili, kwa maana nimeyasikia kwenye mikutano ya kijiji, kliniki na hata kanisani.

Mnasema mkaa ukishaiva hauna gesi. Nimekwisha kueleza: mkaa ulioiva ndio unaotoa gesi bila kukuonya. Mkaa mbichi unatoa moshi, macho yanawasha, mtu anafungua mlango mwenyewe. Ukishaiva moshi unakata, na nyie mnauingiza ndani kwa furaha. Mnasema gesi hukaa chini na ninyi mko kitandani. Uzito wake unakaribiana mno na wa hewa ya kawaida, kwa hiyo inachanganyika chumba kizima. Wa kitandani na wa mkekani wanavuta ileile. Mnasema mmeweka bakuli la maji kando ya jiko. Maji hayo hayaikamati gesi hii. Mnasema mmeacha dirisha wazi kidogo. Upenyo wa vidole viwili unaweza kukutosha leo kwa sababu upepo unavuma upande wako na mkaa ulikuwa kiganja kimoja, na kesho usitoshe. Hakuna muuguzi wala fundi anayeweza kukupimia upenyo wa kulala na jiko.

Halafu lipo jibu moja zito zaidi, nalo mara nyingi hutoka kwa kijana mwenye akili: bibi, mbona ninyi mlizaliwa kwenye nyumba zenye moto katikati, mkalala kuuzunguka, na mko hai? Swali hilo nalipenda. Nyumba tulimozaliwa ilikuwa ya fito na udongo, imeezekwa kwa nyasi. Juu ya mafiga palikuwa na kichanja cha mahindi, na moshi ulipanda ukayapitia, ukawafukuza wadudu, kisha ukatokeza katikati ya nyasi. Ungesimama mbali nayo asubuhi ungeona paa lote linafuka. Kuta zilikuwa na nyufa, mlango ulikuwa wa mbao zilizoachana. Moto wenyewe ulikuwa wa kuni, wenye moshi unaomwamsha mtu akikohoa. Hewa ya sumu ilikuwepo, ila ilipata pa kutokea.

Angalieni mnapolala ninyi. Tofali za kuchoma, plasta ndani na nje, bati, silingibodi imepigwa mpaka pembeni, dirisha la alumini lenye kioo na mpira, mlango wa mninga uliorandwa ukakaa kwenye fremu bila mwanya. Ni nyumba nzuri, na nafurahi kuona vijana wetu wanazijenga. Lakini mmeziba njia zote ambazo babu zenu waliziacha wazi bila kujua kwamba ndizo zilizokuwa zikiwaokoa, kisha mkaingiza humo moto usio na moshi. Mambo haya mawili hayakuwahi kukutana katika nyumba ya bibi yangu.

Wala sisemi turudi kule. Moshi ule ulitugharimu. Nimewasikiliza vifua kina mama waliopika kwa kuni tangu utotoni, na wengi wao walipumua kwa taabu kabla ya kufika uzeeni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 pekee hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wasiotimiza miaka mitano. Nyumba ya nyasi iliua polepole. Chumba kilichozibwa chenye jiko la mkaa kinaweza kuua kabla hakujapambazuka.

Kuna watu watatu wanaoninyima usingizi kuliko wengine.

Wa kwanza ni mzazi na mwanawe. Kila kabila ninalolijua lina desturi ya kumkanda mama aliyejifungua na kumpasha joto, na sisi wauguzi hatukuwahi kuipinga, maana kichanga kikipata baridi kinaweza kufa haraka. Shangazi anakuja, mkwe anakuja, mlango unafungwa, mapazia yanashushwa, jiko linawekwa karibu na kitanda, mara nyingine chini yake kabisa. Mama analalamika kichwa, wanasema ni damu. Mtoto hanyonyi, amelegea, wanasema ni mpole. Mwanangu uliyeolewa, na wewe kijana ambaye mkeo amejifungua juzi: hapo unahitaji ujasiri wa kuzungumza na mama mkwe kwa heshima zote. Mwambie, "Mama, joto tutampa, ila jiko nalitoa." Mtoto mkumbatisheni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, wafunikwe pamoja, hakuna jiko linalompasha mtoto vizuri kuliko kifua hicho, na ndivyo wanavyofanyiwa hata njiti hospitalini. Mjamzito naye awe mbali na moshi wa mkaa, kwa kuwa gesi hii humuumiza mtoto aliye tumboni zaidi hata ya mama mwenyewe.

Wa pili ni mwanafunzi aliyepanga. Geto moja, jiko moja, wanafunzi wawili au watatu. Wamepika ugali jioni, mkaa umebaki, na kuuacha nje usiku wanaona ni kuupoteza. Tena wanaogopa wezi, kwani jiko na sufuria ya maharage vikilala barazani asubuhi havipo. Naelewa. Mkaa ni pesa, na pesa ya mwanafunzi ni ngumu. Basi fanyeni hivi: zimeni mkaa uliobaki kwa kuufunika kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, huko huko nje, na kesho mtauwasha tena. Maharage yalowekeni tangu asubuhi, yataiva mapema kabla ya kulala. Na mkinunua mnyororo wa kufungia jiko barazani mtakuwa mmetumia hela ndogo sana.

Wa tatu ni kijana mfugaji, anayelea vifaranga kwa joto la jiko na kulala humo humo ili awaangalie. Vifaranga wakianza kudondoka, ajue na yeye anavuta hewa hiyo hiyo. Atoke kwanza, hesabu ya vifaranga itafuata.

Wale mlio na ndugu ughaibuni msidhani wao wamesalimika kwa kuwa nyumba zao zina vipasha joto. Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme katika jiji la Seattle na maeneo yake, kaskazini-magharibi mwa Marekani, kukawa na baridi kali. Familia nyingi, za wahamiaji hasa, ziliingiza majiko ya mkaa ndani ili kupika na kuota, watu wakalazwa hospitalini na wengine wakafa. Gazeti la Seattle Times lililazimika kutoa onyo kwenye ukurasa wake wa mbele kwa lugha kadhaa. Mwanao akienda kusoma Kanada au Uswidi, mwambie hatari hii kabla hujamwambia habari ya koti. Na siku akirudi likizo akikuuliza akuletee nini, mwambie akuletee kengele ya kaboni monoksaidi, ile inayotumia betri. Kule katika sehemu nyingi nyumba hutakiwa kuwa nayo kwa sheria. Huku kwetu ni nadra kuikuta dukani, nayo ingefaa kutundikwa kila chumba cha kulala kuanzia Mufindi mpaka Makete.

Basi tuoteje? Anzeni na mtu kabla ya chumba. Chemsha maji, tia kwenye chupa ngumu au dumu dogo linalofunga vizuri, lizungushie taulo, liweke miguuni chini ya blanketi. Godoro likiwa sakafuni, weka mkeka na maboksi chini yake, maana baridi nyingi hupandia huko. Kama lazima chumba kipashwe, ingiza jiko jioni mlango ukiwa wazi, mkae mpige stori, mle, halafu litoke kabla mtu wa kwanza hajapanda kitandani. Mkabidhini mmoja kazi hiyo kwa jina lake. Jiko lisilo na mwenyewe huachwa na kila mtu akidhani mwenzake atalitoa.

Wanaojenga na wenye uwezo, jengeni moto wenye njia yake. Wamisionari waliofika huku walijua baridi, ndiyo maana nyumba zao za zamani zina dohani za tofali zinazosimama juu ya paa. Leo mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kukutengenezea jiko la chuma la kuni lenye mlango, na bomba linalotoka nje. Hilo mimi nalikubali, kwa masharti. Bomba lisiishie ukutani chini ya mabati. Lipande mpaka lipite kilele cha paa, la sivyo upepo utaurudisha moshi ndani. Linapopita kwenye silingibodi na mbao za kenchi, liwekewe nafasi pana na kizuizi cha bati, kwa kuwa mbao inayopashwa joto kila siku iko siku itashika moto. Kochi, pazia na nguo za kuanikwa zikae mbali na jiko, mita moja hivi. Kuni ziwe kavu. Miwati na milingoti tunayo tele, lakini mti uliokatwa mwezi jana bado umejaa maji. Upasue, upange chini ya banda pasipo na mvua, uuache miezi sita hata mwaka. Utajua umekauka ukiona ncha zimepasuka na vipande viwili vikigonganishwa vinalia kwa sauti kavu. Kuni mbichi hutoa moshi mzito unaogandia ndani ya bomba, ukawa masizi yenye lami. Lami hiyo ni mafuta ya moto, na siku ikiwaka ndani ya bomba utasikia mngurumo darini. Zimamoto ni 114, hiyo iandikeni mlangoni.

Bomba lisafishwe kila mwaka kabla ya baridi, ndege hawajali jiko ni la nani wanapotafuta pa kujenga kiota. Mwandishi mkubwa wa Ufaransa, Émile Zola, alikufa Septemba 1902 chumbani kwake Paris kwa gesi hii hii. Dohani ilikuwa haipitishi moshi. Alikuwa tajiri na mashuhuri, na nyumba yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa njia ya moshi iliyo wazi. Majivu nayo yatolewe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, yakae nje mbali na ukuta wa mbao, kwani kaa lililofunikwa na jivu linaweza kuishi siku kadhaa.

Mwisho, siku mkishtuka. Watu wawili au zaidi wa chumba kimoja wakiumwa kichwa na kichefuchefu pamoja, wakitoka nje wanapata nafuu, wakirudi ndani kinaanza tena, msikimbilie kusema ni malaria. Malaria haiwakamati watu watatu kwa dakika moja. Tokeni wote, acheni mlango wazi. Ukimkuta mwenzio hajitambui, vuta pumzi ukiwa nje, ingia, mkokote mtoe. Usikae humo kutafuta simu wala kuvaa viatu. Wapo waliokwenda kuokoa wakalala kando ya waliokwenda kuwaokoa. Kama anapumua mlaze kwa ubavu mahali penye upepo. Maziwa msimnyweshe: hayaifikii gesi iliyo kwenye damu, na asiyejitambua yanaweza kumwingia mapafuni.

Mpelekeni hospitali hata akizinduka na kusema yuko sawa. Akiachwa kwenye hewa ya kawaida tu, mwili huchukua saa nne au tano kupunguza nusu ya gesi hiyo. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, ni kama saa moja au moja na nusu. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hudanganywa na gesi hii, kinaonyesha namba nzuri wakati mgonjwa anaangamia. Kwa hiyo msimwachie mganga abahatishe. Mfikapo tu, kabla ya kuulizwa jina na umri, semeni kulikuwa na jiko la mkaa ndani, liliingizwa saa ngapi, na wangapi walilala chumba hicho. Na wale wengine waliolala humo, hata kama wamesimama pale wakiwa wameshika mzigo wa mgonjwa, wapimwe wote.